Bibi alipovaa miwani, skrini ilikuwa imeshazimika

Nilipobuni kiolesura changu cha kwanza cha saa janja, yaani kile mtu anachokiona na kukigusa kwenye skrini, nilidhani suala la wazee nimeshalimaliza: nimekuza herufi, basi. Kisha nikamvisha saa ile bibi mmoja, nikamwomba anisomee mapigo ya moyo wake. Akausogeza mkono mbali, akausogeza tena, hadi kiwiko kikagoma. Simu ungeiweka hata mezani ukajivuta nyuma, lakini saa imefungwa mwilini. Akapapasa miwani kwa mkono wa pili, akaivaa, akatazama: giza. Akagusa skrini ikawaka, ila mguso uleule ukamfungulia ukurasa mwingine.

"Mjukuu wangu," akasema, "saa yako ina haraka."

Tangu hapo naanza na muda, herufi baadaye. Skrini ikae inawaka kwa sekunde ngapi? Mguso wa kwanza uiamshe tu, usifungue kitu. Na kumbuka saa hula mikono miwili, mmoja umeivaa, mwingine unabonyeza. Aliyeshika mkongojo au mtoto hana wa tatu.

Sisemi ukubwa si kitu. Lenzi ya jicho hukakamaa, na wengi huanza kulihisi hilo kwenye miaka ya 40; baadaye hupata umanjano, na rangi ya bluu ikafifia. Miongozo ya WCAG, ya kuhakikisha tovuti zinatumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, inataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake uwe angalau 4.5 kwa 1. Kwa saa inayosomwa juani, mimi nalenga 7 kwa 1. Kitufe nakipa kama milimita 9, hata kama skrini itabeba viwili tu.

Kilichonitesa zaidi ni kitufe cha dharura. Watoto walikibonyeza kwa raha zao, wazazi wakapigiwa simu za bure. Nikaweka sharti la kukishikilia kwa sekunde tatu. Watoto wakatulia, wazee wakakwama: kidole kinachotetemeka huinuka kabla ya muda, au huteleza na saa ikadhani unapangusa ukurasa. Mwishowe nikaacha mguso mmoja utoshe, kisha saa itetemeke kwa nguvu na kuhesabu kurudi nyuma kutoka 10, na kitufe cha kughairi kijae nusu ya skrini. Mlio nikauchagua mzito, kwa sababu sikio linapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba.

Jambo moja nalishikilia kwa ukaidi: sitengenezi "hali ya wazee". Niliijaribu, hakuna aliyeiwasha. Nani anataka kuvaa umri wake mkononi? Mpangilio uleule nilipouita "Skrini ikae muda mrefu" na kuuweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kuandaa saa, bibi aliuchagua bila kuniuliza. Kijana mmoja mwendesha baiskeli naye akauwasha. Jasho lilikuwa likimfanya aguse skrini mara tatu ndipo imwelewe.