Maswali na majibu: hesabu viini kabla ya kununua

Maswali ya safari hii yametoka Malindi, Watamu na Lamu. Yote yanagusa kazi zinazogawanywa kwenye viini vingi vya prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) huku saa ikizibana.

Je, mfumo wa wakati halisi ndio ule wenye kasi zaidi? (Msomaji, Lamu)

Hapana. Ni ule ambao jibu likichelewa halina faida hata likiwa sahihi. Nahodha anayepita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari huko Lamu, anaijua habari hii: maji yakishatoka chombo kinakaa mchangani, hata kama wapagazi walipakia kwa bidii. Kwa hiyo wastani hautusaidii. Kila kazi iandikiwe namba tatu: muda mrefu kabisa inaoweza kuchukua, inarudi kila baada ya muda gani, na makataa yake.

Nataka kamera gatini ihesabu vyombo vinavyoingia. Picha inakuja kila milisekunde (ms) 40. Viini vinne vitatosha? (Malindi)

Usianze na viini, anza na grafu. Chora kila kipande cha kazi kama duara, na mshale utoke kwa kinachotangulia kwenda kwa kinachosubiri. Waunda majahazi wa Matondoni hawapigi mbao kabla mataruma hayajasimama, wala hawakalafati kabla mbao hazijapigwa. Lakini ubavu wa kulia na wa kushoto mafundi wawili wanaweza kuupiga kwa pamoja. Grafu haisemi zaidi ya hayo.

Tuseme umepima hivi: kupokea picha ms 4, kuichambua kwa vipande sita vya ms 10 kila kimoja, kisha kukusanya majibu ms 6. Makataa ni 40, kabla picha nyingine haijaja. Jumla ya kazi ni 70. Mlolongo mrefu kuliko yote ni 4 + 10 + 6 = 20, na hata ukiweka viini mia hutashuka chini ya hapo. Kazi hii ikipewa viini vyake peke yake, idadi ya kukuhakikishia makataa hupatikana hivi: jumla toa mlolongo, ugawe kwa makataa toa mlolongo. Ni 50 ÷ 20 = 2.5, yaani viini 3.

Nyuma ya kanuni hii kuna kikomo alichokithibitisha mwanahisabati Graham miaka ya 1960: muda hauzidi mlolongo ukijumlisha kazi iliyobaki iliyogawanywa kwa idadi ya viini, mradi kiini kisikae bure wakati kuna kipande kilicho tayari. Kwa viini 3 ni karibu 36.7, kwa viini 2 ni 45.

Sasa tazama vipande vyenyewe. Kwa viini 3 vinaisha kwa raundi mbili, jumla ms 30. Kwa viini 4 bado ni raundi mbili, bado 30! Kiini cha nne hakikuongezei kitu mpaka uigawe picha kwa vipande vinane vya ms 7.5; hapo unafika 25. Mimi ningetumia vitatu, cha nne nikiachie mfumo endeshi na mtandao.

Linux ilizikubali kazi zangu zote kwa SCHED_DEADLINE (njia yake ya kupanga zamu inayotanguliza kazi yenye makataa ya karibu), na prosesa haijafika hata nusu. Mbona makataa yanapitwa? (Malindi)

Kwa sababu inapokubali inaangalia jumla tu, kwa kawaida isizidi asilimia 95 ya viini. Chukua viini vinne na kazi nne nyepesi, kila moja ms 2 kila baada ya 10, pamoja na nzito moja ya ms 10 kila baada ya 11. Zikianza pamoja, nyepesi zina makataa ya karibu, zinashika viini vyote hadi ms ya 2. Nzito inaanza hapo na kumaliza ya 12. Imechelewa, ilhali mzigo wote ni 1.71 kati ya 4. Watafiti Dhall na Liu walilionyesha tatizo hili mwaka 1978.

Dawa ni kuipa nzito kiini chake. Nyepesi zote nne zinatoshea kwenye kimoja kingine, jumla yao 0.8. Ukijaribu kufunga kazi ya aina hiyo kwenye kiini kimoja kwa amri ya taskset utakataliwa: tenga viini kwanza kwa cpuset, njia ya Linux ya kugawa viini kwa makundi.

Kipande kikienda peke yake ni ms 10, mfumo ukijaa ni 17. Niandike ipi? (Watamu)

17, na akiba juu yake. Viini vinagombania kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) na njia ya kumbukumbu. Kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 vyote vinne vinagawana kache moja ya megabaiti 1. Pima huku vitatu vingine vikisoma na kuandika safu ya megabaiti 8 kila kimoja, kasi ya prosesa ikiwa imefungwa, mara elfu kadhaa, kisha chukua kubwa kabisa. Joto nalo usilisahau: bodi hiyo huanza kupunguza kasi kwenye nyuzi 80, na kasha lililozibwa chini ya bati saa nane mchana linafika huko upesi.

Ukiiweka 17 kwenye mfano wa kamera hapo juu, raundi mbili ni 34, jumla 44. Makataa yamepita, kwa viini vitatu na hata kwa vinne.

Kipande kikimaliza mapema kuna ubaya? (Lamu)

Upo. Zamu zinabadilika, na kazi nzima inaweza kuchelewa kuliko ilivyokuwa kwenye jaribio. Kikomo cha 36.7 cha mfano wa kamera hakivunjwi na hilo, kwa kuwa vipande vikifupika, jumla na mlolongo havikui.