Wewe unayeoa Desemba na kuruka Januari, SIMAMA HAPO HAPO

Mkuu, achana kwanza na habari za mabegi. Umeuliza mambo manne: tiketi iwe ya kwenda tu au na kurudi, ubebe taslimu kiasi gani, orodha ya mizigo itakayofuata inaandikwaje, na kadi ya ukaazi wa Kanada huchukua muda gani. Halafu katikati ukachomeka kasentensi kamoja: COPR (hati ya kuthibitisha ukaazi wa kudumu Kanada) umeshaipata, ndoa ni Desemba, unaruka Januari peke yako, na shemeji yetu "atafuata, nitamwombea nikishatulia".

Nimekasoma mara tatu. Hatafuata, mkuu. Ukienda hivyo hivyo, hatafuata.

Hiyo COPR imetolewa kwa kijana asiye na mke. Hali yako ya ndoa ikibadilika kabla hujaingia Kanada, hata ikiwa imebaki wiki moja, hata viza iwe imeshagongwa kwenye pasipoti, unatakiwa uwaambie watu wa uhamiaji wa Kanada kabla ya kusafiri. Mke anaingizwa kwenye faili na anapimwa afya, hata kama hamwendi pamoja. Ukimficha ukaingia, kanuni yao ya uhamiaji ya 117(9)(d) inamtoa kwenye kundi la wanafamilia unaoweza kuwadhamini. Na haina tarehe ya kuisha. Namba yangu ya simu naweza kuisahau, hiyo siwezi.

Nilioa Novemba 2016, nikaruka Februari 2017, kwa njia ya pointi (ile ya kupimwa kwa umri, elimu na uzoefu wa kazi) kama wewe. Nilikuwa na wakala, jina namhifadhia, sio kwa heshima ila kwa sababu sitaki kesi. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu: kaka, nimeoa, tufanyeje? Akacheka. "Ukimtaja sasa hivi watarudisha faili nyuma, na watataka uonyeshe hela nyingi zaidi benki. Nyamaza, tua, ukishakuwa mkaazi mwite mkeo."

Hapo kwenye hela hakudanganya. Kiwango cha fedha za kujikimu kinahesabu na mke hata asiposafiri. Ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana niliingia mkenge mzima mzima. Baadaye nikajua hakuwa wakili wala mshauri mwenye leseni ya Kanada, alikuwa na meza, printa na tai. Wenzangu wanalipa mahari basi. Mimi nililipa mahari, kisha nikamlipa mtu anitenganishe na mke.

Pete niliivua ndani ya ndege, nikaitumbukiza kwenye kile kimfuko kidogo cha jinzi. Toronto, uwanjani, ofisa mama mmoja mpole kabisa akaiweka COPR mezani, akashuka nayo kwa ncha ya kalamu: jina, tarehe ya kuzaliwa, rangi ya macho, hali ya ndoa. Kalamu ikasimama kwenye swali la chini: una wategemezi wengine zaidi ya waliotajwa hapa? Nikasema hapana. Akanisogezea kalamu nisaini. Pete inanichoma paja, nami natabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. "Karibu Kanada," akaniambia.

Mkuu, yule mama alinipa nafasi ya mwisho, nikaisaini ikaondoka.

Nikapata kazi ghalani, nikajaza fomu za udhamini kwa madaha. Barua ya kukataliwa ilikuja 2018, nikaisomea juu ya paleti wakati wa mapumziko. Nikadhani ni kosa la uchapaji. Ninaye mke wa halali, picha za harusi, watu mia mbili walikula pilau! Wakili, wa kweli safari hii, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa: ndoa hawaipingi. Tatizo ni kwamba mkeo alikuwepo siku unaingia na hakutajwa wala kupimwa. Rufaa nayo, baraza la rufaa za uhamiaji haliruhusiwi hata kuangalia huruma kwenye kesi ya namna hii. Akaongeza kwamba nishukuru hawajanishughulikia kwa udanganyifu, kwa sababu hilo linaweza kukuvua ukaazi na kukufungia nje miaka 5.

Ngoja umalizie uhondo. Nilikwenda likizo, tukapata mtoto. Yule mtoto, kwa kuwa amezaliwa baada ya mimi kuingia, ningeweza kumdhamini. Mama yake hapana. Hebu nenda kamwambie mama mkwe wako hivyo, uone kama utatoka na viatu.

Septemba 2019 wakaleta unafuu wa majaribio kwa watu wa kesi zetu. Kuusoma, umewalenga walioingia kama wakimbizi au waliodhaminiwa na familia. Sisi wa pointi tukachungulia dirishani. Tukabaki na ombi la misingi ya ubinadamu na huruma, ambalo ni kuandika kurasa na kurasa ukijieleza ulivyokuwa mjinga, na uamuzi ni wa ofisa. Mke wangu alishuka kwenye ndege Machi 2022. Mtoto alinikagua juu mpaka chini, akamuuliza mama yake kwa nini baba ana miguu. Kwenye simu hajawahi kuiona.

Sasa, najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema "fungeni nikahi tu, msisajili serikalini". Huyo ni pacha wa wakala wangu. Ndoa inayotambulika kisheria ilikofungwa, na kule ni ndoa. Na kama mmeshakaa pamoja kinyumba mwaka mzima, anahesabika mwenzi hata bila shehe wala padri.

Kwa hiyo una njia mbili. Oa Desemba, uwaandikie kupitia fomu yao ya mtandaoni, na USIPANDE NDEGE mpaka wakujibu. Itachelewa, ndiyo. Wanaweza kupiga pointi upya, ndiyo, kwa hiyo muone wakili kabla ya kadi za mwaliko. COPR kwa kawaida haiongezwi muda, inaweza kuisha ukiwa unasubiri, na iishe. Au sogeza ndoa: ingia kwanza ukiwa huna mke kweli, rudi uoe, kisha umdhamini ukiwa unaishi kule, kama watu wenye akili. Ya tatu ndiyo yangu, na bei yake umeiona.

Haya, mizigo: orodha iandike kabla ya safari na uionyeshe siku ya kwanza hata kama vitu havijafika. Taslimu ikifika dola 10,000 za kule, itaje. Anwani ya kadi wape ndani ya siku 180, ukipitisha unaomba upya na kulipia. La tiketi sikumbuki hata nilinunua ya aina gani.

Ila hujasema: Desemba tarehe ngapi? Na ukumbi mmeshalipia?