Usiombe kazi, uliza kazi inavyofanyika

Nilifundisha hisabati sekondari miaka minane kabla ya kuhamia kwenye ufuatiliaji na tathmini, yaani kazi ya kupima kama miradi inafikia malengo yake. Wadogo zangu wengi mnaoniuliza njia ni walimu vilevile, na swali lenu ni moja: utampata wapi mtu wa kukushika mkono?

Mimi nilianza kumtafuta pasipofaa. Wenzangu wa ofisi ya walimu walinipenda kweli, lakini tulikuwa tukisoma matangazo yaleyale kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp. Walichojua wao ndicho nilichokijua.

Aliyenifungulia njia tulijuana siku chache tu. Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa, naye msimamizi wetu. Usiku mmoja kishikwambi changu kiligoma kutuma taarifa, tukahangaika nacho hadi kikakubali. Baada ya hapo tukawa watu wa salamu za sikukuu. Mwaka uliofuata nikamwandikia: "Kaka, nimejifunza Excel na KoboToolbox, ile programu ya kukusanyia takwimu. Natamani kuelewa siku yenu ya kazi kwenye ufuatiliaji na tathmini inavyokwenda. Naomba dakika ishirini." Alinipa saa nzima.

Ukiomba kazi, asiyekuwa nayo atakupa pole, na mazungumzo yameishia hapo. Ukiuliza kazi inavyofanyika, kila aliye ndani ana la kukueleza. Yeye ndiye aliyenionyesha kuwa kuchambua matokeo ya mitihani ya kidato kizima ni kazi ya takwimu, nami sikuwa nimeiandika kabisa kwenye wasifu. Akanielekeza kwa mwenzake, na huyo kwa mwingine. Wa tatu alikuwa akitafuta wadadisi, yaani watu wa kuhoji na kukusanya takwimu, wa utafiti wa wiki tatu, likizo ya Juni. Nikaingilia mlango huo.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika jambo hili mwaka 1973. Kati ya watu wa karibu na Boston waliopata kazi kupitia wanaowafahamu, asilimia 17 hivi tu walisaidiwa na mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara mojamoja, au kwa nadra.

Ukishauriwa, rudisha majibu. Nilipoufumua wasifu wangu nilimtumia kaka yule auone.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye: nilimwandika kwenye wasifu kuwa mdhamini, yaani mtu wa kuulizwa habari zangu na mwajiri, bila kumwambia. Akapigiwa simu akiwa kwenye daladala, hajui nimeomba nafasi gani wala wapi. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini nafasi ile ilishapita.