Uliyemfokea mbele ya watu, muombe radhi mbele yao

Ndugu yangu, unasema ulimfokea msaidizi wako kikaoni, baadaye ukamwita pembeni ukamwomba radhi, na hadi leo hakutazami usoni. Unauliza umekosea wapi tena.

Kwa ninavyoona, kinachomuuma ni kule kuvunjiwa heshima watu wakitazama. Jeraha alilipata hadharani, wewe ukalifunga faraghani. Waliomwona akiinamisha kichwa, kalamu ikimtetemeka mkononi, hawajui kama umejirudi. Kikao kijacho, kabla ya ajenda, mtaje kwa jina: "Siku ile nilikukosea. Sikuwa na haki ya kukutweza mbele ya wenzako." Ishia hapo. Tafadhali usiongeze "lakini na wewe...", maneno hayo matatu yatabomoa yote.

Halafu mwache aseme au anyamaze; msamaha haudaiwi kama deni. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la 1948, linataja hadhi sawa ya watu wote tangu ibara ya kwanza. Cheo chako hakimpunguzii yake hata chembe. Na akikosea tena (atakosea, ni binadamu), mwite kando, mkae wote wawili, usimsimamie kichwani.