"Dawa ya kuhara": huizuia au huileta?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mkazi wa Malindi. Tukiwa mazoezini katika duka la dawa, tuliandika "dawa ya kuhara" juu ya bahasha ya loperamidi, na mzee mmoja akauliza kama ingemzidishia. Je, maneno hayo ni sahihi?

JIBU: Kisarufi ni sahihi, ila a-unganifu, yaani hilo "ya" linalounganisha nomino na neno linalofuata, haisemi dawa inafanya nini. Dawa ya usingizi huleta usingizi, dawa ya kikohozi huondoa kikohozi, na dawa ya mbu humuua mbu mwenyewe. Msikilizaji hubaki kuchagua maana kwa mazoea tu. Mzee huyo aliuliza swali la haki.

Tumieni basi kitenzi kinachotaja kazi ya dawa. Loperamidi hushika vipokezi vya opioidi (sehemu za seli zinazopokea kemikali za jamii ya afyuni) vilivyomo ukutani mwa utumbo, mwendo wa utumbo ukapungua na maji yakapata muda wa kufyonzwa. Hiyo ni "dawa ya kuzuia kuhara". Bisakodili, ambayo huuchochea utumbo usukume, ningeiandikia "ya kufungua choo", wala si "ya kuharisha", ijapokuwa sarufi ingeruhusu: kwa umbo lake -harisha ni kumfanya mtu ahare, lakini wengi wetu husema "mtoto anaharisha" tukimaanisha kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Utata mkubwa zaidi umo katika ile chumvi ya kuyeyushwa majini (ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari ya glukosi), ambayo nayo huitwa dawa ya kuhara ingawa haizuii kuhara. Katika kipindupindu, sumu ya bakteria huzilazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi, na maji yakafuata; hata hivyo njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi hubaki ikifanya kazi, na ndiyo inayotumiwa na mchanganyiko huo kurudisha maji mwilini. Mama aliyeambiwa ni "dawa ya kuhara", akiona tumbo la mtoto bado linaendesha, huenda akaacha kumnywesha wakati anapoihitaji mno. Mwandikieni "ya kurudisha maji mwilini", na mumweleze kwa mdomo kwamba kuhara hakutakoma papo hapo. Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto pamoja nayo, kwa siku 10 hadi 14, hufupisha muda wa kuhara, kwa hiyo "ya kupunguza kuhara" yatosha.