Wakala Anayetaka Kulipwa Kabla ya Mtoto

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Jang'ombe. Mwanangu wa pili ni msichana wa miaka 11. Asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni anasoma Kurani, na tangu ana miaka minane anajifunza fidla kwa jirani yetu mmoja aliyekuwa mpigaji katika klabu ya taarab. Mwezi uliopita aliimba kwenye harusi ya mtoto wa ami yake, watu wakamrikodi kwa simu, na wiki haikwisha video ilikuwa imefika Muscat, anakofanya kazi baba yake. Sasa amenipigia bwana mmoja wa Dar es Salaam anayejitambulisha kuwa ni wakala wa wasanii watoto. Anasema atampatia mwanangu kazi za matangazo ya biashara na filamu, lakini kwanza nitume shilingi 450,000 za picha na usajili, nitie saini mkataba wa miaka 10, kisha mtoto ahamie kwake Dar es Salaam ambako atamsomesha. Fungu lake litakuwa asilimia 40. Baba yake amefurahi, mimi moyo unasita. Wakala mwema hupatikana vipi, na huyu nimjibu nini?
Mama wa Jang'ombe, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma chochote, na sehemu ya mwisho ya barua yako nitaijibu mwanzo: usitume fedha hizo, usitie saini, na mtoto asiondoke nyumbani. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini, kwa sababu baba yake anastahiki kupewa hoja na si hofu peke yake.

Kazi ya wakala ni kumtafutia msanii kazi, kujadiliana ujira kwa niaba yake, kuusoma mkataba kabla haujatiwa saini na kuhakikisha kwamba malipo yanafika. Chake yeye ni fungu linalokatwa katika ujira baada ya msanii kulipwa, na msanii akikosa, naye amekosa. Hilo ndilo linalomfanya ahangaike. Anayepokea shilingi 450,000 mwanzoni amekwisha kuipata faida yake siku hiyo hiyo, na akiwapata wazazi 20 kwa mwezi ana shilingi 9,000,000 mkononi bila ya kupiga hodi kwenye studio hata moja. Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako biashara ya watoto katika filamu ni kongwe na kubwa, udanganyifu wa namna hii ulikithiri hata ikatungwa sheria, iliyoanza kutumika 2010, inayokataza kumtoza msanii ada ya mbele kwa ahadi ya kumtafutia kazi. Ama fungu lenyewe, chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kinawawekea mawakala kinaowatambua kikomo cha asilimia 10, na mameneja, ambao husimamia mambo ya msanii kwa upana zaidi, kwa kawaida huchukua karibu asilimia 15. Viwango hivyo havitufungi sisi huku, lakini vinaonesha umbali uliopo baina ya desturi ya kazi hiyo na asilimia 40 unayotakiwa wewe.

Kuhusu picha, wakala mkweli anaweza kukwambia kwamba mtoto anahitaji picha nzuri, lakini atakuacha uende kwa mpigapicha umtakaye. Uso wa mtoto wa miaka 11 hubadilika kila baada ya miezi michache, kwa hivyo picha mbili za simu, moja ya uso na moja ya mwili mzima, zilizopigwa karibu na dirisha lenye mwanga wa asubuhi, zinatosha kabisa kwa kuanzia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limepita nyumbani kwetu. Mtoto wa ndugu yangu, wakati huo akiwa na miaka tisa, alipelekwa kwa watu waliokodi ukumbi mjini na kutangaza kwamba wanatafuta watoto wa matangazo. Kila mzazi alilipa, kila mtoto alipigwa picha, na kila mtoto, kama tulivyokuja kujua baadaye, aliambiwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa. Mwezi haukwisha simu zao zikawa hazipatikani. Fedha tulizisahau. Yule mtoto, lakini, alikaa muda mrefu akiuliza kila jioni kama wamepiga, na alipochoka kuuliza aliacha hata kuimba.

Miaka 10 nayo ihesabu vizuri. Mwanao ana 11, mkataba utakwisha akiwa na miaka 21. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2011, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, maana yake ni kwamba atakuwa mtu mzima kwa miaka mitatu huku akidaiwa kutekeleza saini ambayo si yake. Mkataba wa kwanza uwe wa mwaka mmoja, uandikwe kwa Kiswahili mnachokielewa, na uwe na kifungu kinachoruhusu kila upande kujitoa kwa taarifa ya siku 30. Anayekataa mwaka mmoja anakwambia kwamba hategemei ubaki naye kwa ridhaa yako.

Linalonitisha kuliko yote ni hilo la kuhamia kwake. Sisi watu wa visiwani tuna desturi njema ya kumpeleka mtoto kwa shangazi au kwa bibi yake akalelewa huko, na nadhani ni desturi hiyo iliyomfanya baba yake asishituke aliposikia kwamba mtoto atakaa kwa mtu na kusomeshwa. Lakini shangazi ni damu yake, anajulikana mtaani, na ukitaka kumwona mwanao unakwenda. Huyu unamjua kwa sauti ya simu tu. Hakuna kazi ya wakala inayomlazimu mtoto alale nyumbani kwake. Uingereza, ambako mtoto huombewa kibali katika halmashauri ya eneo lake kabla ya kutumbuiza kwa malipo, asipokuwa na mzazi wake au mwalimu wake lazima awe na msimamizi aliyeidhinishwa na halmashauri, na msimamizi mmoja haruhusiwi kuangalia zaidi ya watoto 12. Wewe weka sharti kama hilo na uliandike: popote mtoto atakapokwenda, iwe usaili, mazoezi, studio au jukwaani, utakuwepo wewe au mtu wa familia uliyemtaja kwa jina, na atakuwa mahali anapoweza kumwona na kumsikia mtoto wakati wote. Gharama za boti za watu wawili zihesabiwe katika ujira tangu mwanzo.

Sasa, wakala mwema. Unguja hawa si wengi kama walivyo katika miji mikubwa, na kazi nyingi za wasanii wetu hupatikana kupitia walimu, klabu na matamasha, kwa hivyo usianze kutafuta wakala kwenye simu, anza kwa wanaomjua mtoto. Mwalimu wake wa fidla amepanda majukwaani miaka mingi. Muulize ni nani aliyewahi kumlipa kwa wakati na ni nani aliyemzungusha. Nendeni katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho tangu 2002 kimekuwa kikifundisha ala kama fidla, udi, kanuni na ngoma, hata ikiwa ni kwa kusikiliza ushauri tu. Klabu za taarab za Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa 1905, na Culture, ya 1958, zina wazee wanaoijua biashara hii ndani na nje. Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Ngome Kongwe hukusanya mameneja wa wasanii kutoka nchi nyingi, na hapo unaweza kumwona mtu akifanya kazi yake mbele ya macho yako: anavyozungumza na wasanii wake, na kama wasanii hao wanazungumza naye wakiwa huru.

Ukipata jina, lichunguze. Kampuni ya Zanzibar iulizie kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, na shughuli zake za sanaa ziulizie kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Akiwa ni wa Tanzania Bara, ofisi za kuulizia ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Usajili utakuthibitishia kwamba mtu yupo, hautakuthibitishia kwamba ni mwaminifu, na ndiyo maana mimi natilia mkazo zaidi hatua inayofuata: mwombe majina ya wazazi watatu ambao watoto wao anawasimamia, uwapigie mwenyewe, na uwaulize walilipwa siku ngapi baada ya kazi, na kama waliwahi kuoneshwa karatasi ya malipo kutoka kwa mteja au waliambiwa kiasi kwa mdomo. Kisha aje nyumbani. Akae na wewe, babu wa mtoto na mwalimu wake, na uangalie kama anamuuliza mtoto mwenyewe anapenda kuimba nini. Wakala ambaye saa nzima anazungumzia fedha na wakubwa bila ya kumgeukia mtoto hajaja kwa ajili ya mtoto.

Kuhusu fedha itakayopatikana, niruhusu niseme na wewe na mumeo kwa pamoja. Jackie Coogan alikuwa mtoto mdogo alipocheza filamu na Charlie Chaplin iliyotoka 1921, na utotoni mwake aliingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta hakubakishiwa takriban kitu, na 1938 akawashitaki mama yake na baba yake wa kambo; alichokipata mwishoni ni kiasi cha dola 126,000. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria inayobeba jina lake, na leo inataka angalau asilimia 15 ya pato la mtoto msanii iwekwe kando mpaka afikie utu uzima. Aliyemdhulumu hakuwa wakala, walikuwa wazee wake. Kwa hivyo mfungulieni akaunti ya mtoto benki kabla ya kazi ya kwanza, mteja alipe kwa njia inayoonekana na nyote, wakala akate fungu lake kwa maandishi, na muamue leo, kabla fedha haijaonekana, ni sehemu gani haitaguswa mpaka atimize miaka 18. Mimi ningependa iwe nusu.

Mkataba pia utaje rekodi za sauti yake ni mali ya nani na mirabaha itakwenda wapi. Hayo yanahusu Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, na taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, ndiyo inayoyashughulikia. Kurasa zake za mtandaoni, pamoja na nywila zake, zibaki mikononi mwako. Mkataba wenyewe upeleke Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar ukasomwe kabla ya saini. Kituo hicho kipo tangu 1992 na kazi yake ni kuwasaidia watu wa kawaida.

Huyu bwana wa simu mjibu kwa upole na kwa ufupi, kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki: "Ahsante kwa kumpenda mwanangu. Hatulipi ada ya mbele, mtoto anabaki nyumbani, na mkataba hauzidi mwaka mmoja. Ukiwa tayari kwa hayo, tuletee rasimu pamoja na cheti cha usajili wa kampuni yako." Akiwa mkweli atajibu. Akianza kukuharakisha kwamba nafasi inakwisha leo, futa namba yake, na akiendelea kumtafuta mtoto kwa njia nyengine, mwarifu sheha wako na piga simu ya huduma kwa watoto, 116, ambayo haina malipo.

SWALI: Maalim, mwanangu ana miaka 13 na anacheza ngoma ya msewe katika kikundi cha hapa Wete. Ami yake anayekaa Unguja anataka kumsimamia acheze kwenye mahoteli wakati wa skuli zikifungwa. Je, ndugu kwa ndugu pia waandikiane? Naona haya kumtajia mdogo wangu habari za mkataba.
Baba wa Wete, Pemba

JIBU: Muandikiane, ndugu yangu, na haya hiyo itakwisha ukimwambia kwamba karatasi inamlinda yeye zaidi kuliko inavyokulinda wewe, kwa sababu siku fedha itakapochelewa hotelini, atakayetazamwa kwa jicho baya katika ukoo ni yeye. Karatasi moja inatosha: ujira wa kila onesho, fungu la ami, nauli na chakula cha mtoto, mahali atakapolala, na siku atakayorudishwa Wete kabla ya skuli kufunguliwa.

Lipo jambo moja ambalo hukuliuliza na mimi naliona ni zito zaidi, nalo ni saa. Maonesho ya mahotelini huanza baada ya chakula cha usiku, na kijana anayecheza msewe saa nne usiku Nungwi kisha akapakiwa kwenye gari kurudi mjini hafiki kitandani kabla ya saa sita. Mkataba Nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia 1998, katika kifungu chake cha 8 unaruhusu mtoto kushiriki katika maonesho ya sanaa kwa kibali cha pekee, na kibali hicho kinatakiwa kutaja saa na masharti ya kazi yake. Kwa hivyo katika karatasi yenu andikeni kwamba atacheza mwanzoni mwa onesho na kuondoka, si zaidi ya siku tatu kwa wiki, na kwamba ami atakuwa naye mpaka anaporudi. Wekeni saini mbele ya sheha na mashahidi wawili, na nakala moja apewe mama yake mtoto.