Ng'ombe kwenye picha za Waholanzi: maswali yenu leo

Kwa nini wachoraji wa Uholanzi miaka ya 1600 waling'ang'ania ng'ombe, hawakuwa na vingine vya kuchora?

Walikuwa navyo, meli, maua, matajiri na kola zao nyeupe, vyote walichora. Ila ng'ombe ndo alikuwa hela. Magharibi mwa Uholanzi ardhi iko chini na imejaa maji, ukilima ngano unajisumbua, kwa hiyo nafaka nyingi waliagiza kwa meli toka pande za Baltiki na mashamba wakayaachia majani, siagi na jibini zikauzwa hadi nje. Ziwa la Beemster lilikaushwa kwa vinu vya upepo, kazi ikaisha 1612, na waliotia mtaji ni matajiri wa Amsterdam. Sasa mtu kama huyo akitundika ng'ombe sebuleni si pambo tu bana.

Fahali wa mchoraji Paulus Potter ni mkubwa kweli au mnatia chumvi?

Mkubwa kweli. Picha ni ya 1647, iko makumbusho ya Mauritshuis kule The Hague, Uholanzi, karibu mita 2.4 kwa 3.4, saizi ambayo kawaida walichorewa wafalme na vita, huyu dogo Potter wa miaka 20 na kidogo akampa dume la ng'ombe! Alianza na fahali peke yake halafu akaongeza turubai la kuchorea, ndo wakapata nafasi kondoo na yule mzee kando ya mti. Ukisogea unaona nzi wanamzunguka, na chura chini kwenye majani. Wafaransa waliibeba 1795 wakaiweka Louvre, makumbusho ya Paris, ikarudi 1815.

Mimi mfugaji, mbona huyo dume naona kama hayuko sawa?

Una jicho. Mabega ni ya dume lililokomaa, huku nyuma kama la kijana, maana aliunganisha ng'ombe tofauti kwenye mwili mmoja. Mimi namsamehe, manyoya yale ya kipajini yananitosha.

Ng'ombe wa mchoraji Aelbert Cuyp wanaota jua la wapi?

La Italia, na wala hakufika huko. Aliishi Dordrecht, hukohuko Uholanzi, mwanga ule wa dhahabu aliuchukua kwa wachoraji wenzake waliorudi toka Italia, hasa Jan Both. Waingereza baadaye walimgombania kweli.

Mbona siwaoni frizian?

Wapo wachache. Enzi zile wengi walikuwa wekundu au kahawia wenye mabaka, hawa weusi kwa weupe tunaowafuga walikuja kutawala baadaye.

Kila mchoraji wa mandhari alijua kuchora ng'ombe?

Thubutu! Ruisdael na Hobbema walikuwa moto kwa miti na mawingu, wanyama na watu mara nyingine wakamwachia mchoraji mwenzao Adriaen van de Velde awaingize, kwa hiyo ukikuta ng'ombe kasimama vizuri kwenye picha ya Ruisdael usikimbilie kumpa Ruisdael sifa zote.